Ghala Lenye Shimo Katikati

Lwasho, Ufipa
12 Januari 2024

Baba Rahel,

Sisi wazima, isipokuwa mimi nimechoka, na uchovu wenyewe nitakueleza ulikotoka. Nakuandikia kwa sababu simu haifai kwa jambo hili. Unajua mtandao unapatikana pale kwenye mwamba juu ya kanisa tu, na pale ukifika saa yoyote hukosi watu, kila mmoja sikio moja liko kwenye simu yake na la pili liko kwenye mambo ya jirani. Baba yako naye hushinda pale jioni na redio yake akingoja taarifa ya habari. Sasa mimi nisimame mbele yake nipaze sauti kuhusu choo? Ndiyo maana nimempa Kasmir barua, anakuja huko Kasesya na Fuso lake.

Juzi Jumatano alikuja bwana afya, yule kijana Nestory, akiwa na Bertilla mwenyekiti wa kamati ya maji. Unakumbuka chemchemi yetu ilipimwa mwezi wa kumi na moja ikakutwa na vijidudu, wakafunga bomba la kijiji kwa mnyororo. Walisema kila kaya iliyo juu ya chemchemi iwe na choo, na choo chenyewe kionekane kinatumika, ndipo wapime tena na kufungua. Kaya iliyo juu ya chemchemi ni moja. Ni yetu. Kijiji kizima kinachota mtoni, pale pale ng'ombe wanapokanyaga, kwa sababu ya mji wetu. Na ninayeambiwa kila Jumapili nikitoka kanisani ni mimi, binti wa Mzee Flavian niliyezaliwa hapa hapa, kwamba niliyataka mwenyewe nilipoolewa kwa wenye ng'ombe.

Mimi juzi sikuwa na wasiwasi. Nilijua choo tunacho, kizuri, cha bati na simenti, kimekamilika kabla ya Krismasi, nami nilidhani kimefungwa tu ili sakafu ikauke. Nikatembea mbele yao kifua mbele. Tukakuta kufuli. Baba yako akaitwa, akaja na ufunguo kiunoni, akafungua. Ndani ni magunia ya ulezi yamepangwa hadi karibu na bati. Juu ya sinki amelaza ubao, juu ya ubao ameweka mbegu ya mahindi, na pembeni kuku ametamia. Nestory akamuuliza kwa heshima kama hiki si choo. Baba akamjibu kwamba hili ni ghala, amejengewa na mwanae Masanja aliyeko mpakani, akamwonyesha na sakafu jinsi isivyopitisha panya. Alimsifia sana fundi.

Bertilla aliniangalia mimi. Nestory akaandika kwamba hatuna choo, wakaondoka.

Mimi na Rahel tunashuka kwa Bertilla kujisaidia kama wapangaji, maana shimo letu la zamani limebomoka kwa mvua. Baba anakokwenda siwezi kumuuliza, ila kila alfajiri anapotelea kwenye kichaka juu ya chemchemi, na mvua inanyesha kila siku. Nataka unijibu jambo moja tu. Ulimwambia nini baba yako kuhusu jengo lile?

Mkeo,
Fortunata


Kasesya
21 Januari 2024

Mama Rahel mpenzi,

Barua nimeipata. Kasmir kaileta imelowa nusu, ila niliyoweza kuyasoma yamenitosha. Pole sana. Huku malori yamejaa hadi huwezi kuona mwisho wa foleni, mvua imeharibu barabara upande wa pili, na madereva wananilaumu mimi utadhani mimi ndiye niliyeileta hiyo mvua. Bosi neno ruhusa hataki hata kulisikia.

Kuhusu mzee, nadhani amechanganya tu. Ni umri. Labda aliona jengo zuri akaona lisikae bure. Usilichukulie kwa hasira. Wewe ndiye uko karibu naye, na anakuheshimu kuliko unavyofikiri. Zungumza naye taratibu, mweleze umuhimu wake, ataelewa. Kuongea unajua. Mimi nikitokea ghafla itaonekana nimekuja kumgombeza baba yangu.

Habari njema ni kwamba nimepata vigae, vyeupe vyenye maua ya bluu, kaniachia dereva mmoja wa Zambia. Nitavituma vipigwe ukutani. Kuanzia Izia mjini hadi huko kwenu hakutakuwa na choo cha kukifikia.

Mumeo,
Masanja


Lwasho
29 Januari 2024

Masanja,

Leo sikuiti Baba Rahel.

Umeandika "zungumza naye taratibu." Nimeisoma sentensi hiyo nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mimi ambaye baba yako akipita njiani nateremka kwenye majani nikainamisha kichwa mpaka apite. Mimi ambaye chakula chake nakiweka mlangoni, napiga hodi, naondoka kabla hajatoka. Wewe ndiye uliyenifundisha hayo wiki ya kwanza ya ndoa yetu, ukanisihi nisije nikakuaibisha. Kwetu kwa Mzee Flavian choo kilikuwa kimoja, tulikitumia wote, na padri akija alikitumia hicho hicho. Lakini ya kwenu niliyakubali bila kinyongo na sijawahi kuyavunja. Leo ndiyo unataka nikamweleze baba mkwe wangu habari za kuchuchumaa.

Na vigae. Mungu anisamehe. Ulezi hauhitaji maua ya bluu.

Sasa nikuambie nilichokipata bila wewe. Jumamosi nilishuka mjini, nikampitia fundi Victor kwake Izia, nikamuuliza kama baba alimuuliza chochote wakati wa ujenzi. Kwanza alicheka. Alipoona sicheki naye, akasema ulimpigia simu ukamwagiza: mzee akiuliza, aambiwe ni ghala, na akiuliza lile tundu katikati ya sakafu, aambiwe ni la kufagilia makapi. Makapi, Masanja. Shimo linalommeza mtu mzima na ngazi yake, eti la kufagilia makapi.

Kwa hiyo baba yako hajachanganya kitu. Amefanya alivyoambiwa. Mimi uliniambia choo, yeye ukamwambia ghala, kisha ukaenda zako mpakani ukatuachia jengo moja tugombanie bila kugombana.

Kwa nini ulifanya hivyo sitaki maelezo. Nataka ama uje, ama umwandikie. Sema kwa maneno yanayoeleweka kwamba kile ni choo changu mimi na Rahel, na chake atachimbiwa mbali, nyuma ya zizi, mahali ambapo mimi sipiti. Ni maneno hayo tu. Bertilla ameniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, kwamba wakirudi wakakuta hali ni hii hii, mabomba yatahamishiwa kijiji kingine na sisi tutabaki na mto wetu. Nachota, nachemsha kwa kuni mbichi, macho yamevimba kwa moshi, na nikigeuka kidogo tu Rahel kishachovya kikombe ndooni kabla maji hayajaguswa na moto.

Fortunata


Kasesya
8 Februari 2024

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Sayi,

Shikamoo sana baba. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, wewe na mifugo na wote waliomo mjini mwako. Mimi mwanao sijambo, kazi zinaendelea vizuri ila kwa mvua.

Baba, nimesikia mvua huko imekuwa nzuri na majani yapo ya kutosha. Je, yule dume mwenye baka jeupe bado anavunja zizi? Nilifikiri labda afungwe peke yake.

Baba, kuna jambo dogo ambalo kwa kweli si jambo. Linahusu kale kajengo. Baba, dunia ya siku hizi imebadilika, na serikali nayo ina mambo yake, na majengo nayo huwa na matumizi mbalimbali kulingana na wakati. Kajengo kale, pamoja na kazi kanayoifanya sasa, ambayo ni kazi nzuri na ninakushukuru kwa kukatunza, kalikusudiwa pia kawe na kazi nyingine, ya kuwafaa watu wa nyumbani katika mambo yao. Naamini kwa hekima yako umekwisha kunielewa. Na kwa upande wako nako nitaangalia namna ya kupanua mambo ili kila mtu awe na nafasi yake.

Mimi sina zaidi baba. Wasalimie wote.

Mwanao mtiifu,
Masanja


Lwasho
14 Februari 2024

Baba Rahel,

Leo ni Jumatano ya Majivu. Nimetoka kupakwa majivu asubuhi hii, na kwa haya ninayotaka kukuandikia naona itabidi nirudi kuungama.

Ulipoandika barua ile, ulifikiri atasomewa na nani? Baba yako hajui kusoma. Msomaji katika mji huu ni mmoja. Alikuja akakaa nje chini ya dirisha langu, akapitisha bahasha kwa mkono bila kuangalia ndani, nami nikaketi sakafuni nimeupa ukuta mgongo, nikamsomea kwa sauti. Ya dume na baka lake yalikwenda vizuri. Nilipofika pale pa "watu wa nyumbani katika mambo yao" nilikohoa, nikaendelea. Niliomba ardhi inimeze, na ingekuwa afadhali inimeze ndani ya lile shimo, maana huko nako siruhusiwi kufika.

Nilipomaliza akauliza, "Anasema nini huyu?" Nikamjibu kwamba amesema hivyo hivyo, baba. Akataka nirudie pale pa kupanua. Nikarudia. Akasema sawa, amesikia, mwanae anataka kupanua ghala. Asubuhi yake ameongeza magunia mengine na plau.

Umeandika ukurasa mzima, Masanja, na neno moja lililotakiwa halimo. Nimelitafuta mpaka kwenye salamu.

Rahel ana homa tangu jana. Analalamika tumbo na uji ameukataa, na wewe unajua mtoto yule hajawahi kukataa uji. Kesho alfajiri nampeleka zahanati.

Fortunata


Milanzi, Sumbawanga
18 Februari 2024

Masanja,

Rahel amelazwa hapa mjini. Ni homa ya matumbo. Zahanati walitupa rufaa, Kasmir akatuleta na gari lake bila kutudai kitu. Mchana niko wodini, usiku nalala hapa Milanzi kwa dada Margareth. Simu yako haipatikani tangu juzi, kwa hiyo karatasi hii nampa kondakta wa basi la kwenu.

Daktari aliniuliza tunakunywa maji gani. Nilimjibu. Akaniuliza kwa nini tunakunywa hayo na bomba lipo.

Njoo.

F.


Kasesya
27 Februari 2024

Mama Rahel,

Nimefika salama. Namshukuru Mungu kwamba niliwaacha Rahel amekwisha kukaa kitandani na kuomba soda. Usiku ule wa kwanza wodini sitausahau.

Najua hukufurahi nilipopanda gari la kurudi huku badala ya kwenda nanyi nyumbani. Hukusema kitu mbele ya dada Margareth, lakini ulivyokuwa unafunga ule mfuko wa nguo nilikusikia.

Ulisema hutaki maelezo, ila niruhusu. Mwaka jana kabla ya kujenga nilimwendea baba mara mbili nikiwa na maneno yote mdomoni. Mara ya kwanza tukaongea habari za mbegu. Mara ya pili tukaongea habari za chanjo ya ng'ombe. Baba yangu sijawahi kumtajia hata kwamba naumwa tumbo, tangu nina akili. Nikisema najenga choo, atauliza cha nani. Nikisema ni cha wote, nimemtukana. Nikisema ni cha mke wangu, nimemtaja mke wangu kwa baba katika jambo la namna hiyo. Neno ghala lilinitoka tu, naye akafurahi, na baadaye akauza dume mmoja tupate bati. Ningerudi nyuma vipi? Nilifikiri jengo likikamilika mtajipanga wenyewe huko.

Pasaka nakuja na simenti na nitaongea naye, nakuahidi. Mpaka hapo mvumilie. Nestory mwambie asubiri kidogo, mwambie tuko kwenye mchakato.

Mumeo,
Masanja


Lwasho
7 Machi 2024

Masanja mwanangu,

Anayeandika ni mkeo. Mimi niko nje, yeye yuko ndani dirishani, na nimemwambia aandike ninavyosema bila kupunguza, hata pale nitakapomtaja yeye.

Aliporudi na mtoto kutoka mjini, alimlaza mtoto, akaja akasimama mbali, akaomba ufunguo. Hakusema wa nini. Nikauweka juu ya jiwe, akauchukua. Akatoa gunia moja moja akayaingiza sebuleni kwako, makochi yako akayasukumia ukutani. Mimi nilikuwa zizini nikimwona. Mtoto amekonda, imebaki shingo na macho.

Sasa nikuulize. Uliniona mimi mjinga kiasi gani? Nimejenga vihenge kabla wewe hujazaliwa. Ghala lenye shimo katikati nimeliona wapi? Siku fundi alipochimba akashuka kwa ngazi, nilijua kinachojengwa. Aliponiambia habari za makapi hata yeye mwenyewe macho yalimshuka. Dume nilimuuza shimo likiwa limekwisha kuchimbwa. Nilimuuza nikijua.

Nikasema nitangoja. Mwanangu atakuja, ataniambia, baba, hiki ni cha mke wangu na mtoto, na chako nitakuchimbia kule. Ningekujibu sawa. Kulikuwa na jibu gani jingine? Hukuja. Nikakasirika, nikasema kama ni ghala basi na liwe ghala, nikaweka ulezi na kufuli. Na ile barua yako ya dume mwenye baka niliielewa yote. Nilimwambia mkeo kwamba unataka kupanua ghala ili nione kama yeye atatamka. Hakutamka, kwa sababu ana adabu, na wewe uliitumia adabu yake kujifichia.

Hasira yangu ilikuwa kwako. Lakini wewe uko mbali, na aliyekunywa maji ya mto ni mjukuu wangu. Siku walipoondoka naye kwenye gari nilikaa zizini hadi giza na kukamua sikuweza. Naona aibu, na ninaisema iandikwe.

Nestory anarudi Jumatatu ya tarehe kumi na nane kukagua na kuchukua maji ya kupima. Bertilla amemweleza namna sisi tunavyoishi, naye amesema mji huu uwe na vyoo viwili, bila hivyo mabomba yanakwenda kwingine. Cha kwangu nimeanza kuchimba mwenyewe nyuma ya zizi, upande ambao maji hayashukii chemchemi. Nimefika magotini. Kifua changu unakijua. Vijana wa hapa sitawaita, maana wataniuliza mwanangu yuko wapi.

Simenti yako ya Pasaka kaa nayo. Njoo Jumamosi ya tarehe kumi na sita, uje na mikono. Usipofika, mkeo anasema atachimba yeye. Achimbe choo cha baba mkwe wake mchana kweupe, na njia ya kwenda kanisani inapita pale pale. Nimemkataza sasa hivi kupitia dirisha hili, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe amenijibu. Amesema, "Baba, mimi wodini kwa ajili ya adabu sirudi tena."

Ni mimi baba yako,
Sayi

Nimeandika kama alivyotaja, sikupunguza kitu. Na sitangoja Jumamosi. Sururu nimekwisha kuazima kwa Bertilla, mzee akipeleka ng'ombe mimi nashuka shimoni. Fortunata.


Lwasho
26 Machi 2024

Baba Rahel,

Natumaini malengelenge ya mikono yamepona.

Jumamosi ile ulipotokea ukanikuta shimoni hadi kiunoni, na akina mama wa jumuiya wamesimama barabarani wameshika midomo, nilikuwa nimekuandalia maneno ya kukupokea ambayo hayafai kuandikwa wakati wa Kwaresima. Uliposhuka shimoni na viatu vyako vya kazini bila kunisalimia yaliniisha yote. Nikakuachia sururu nikaenda kupika, na nilipofika jikoni nililia, kwa kuwa nilikuwa na hakika kwamba hutakuja.

Lakini nitakuwa mwongo nisipokuambia kilichonichosha kuliko kuchimba. Wewe na baba mmefanya kazi pamoja Jumamosi ile na Jumapili baada ya misa, wewe chini ukijaza ndoo, yeye juu akivuta kamba, na hakuna aliyelitaja jambo lenyewe. Nilikuwa naleta maji ya kunywa makusudi ili nisikie. Yeye anasema panua huku, wewe unasema sawa baba. Yeye anasema udongo huu una mawe, wewe unasema ndiyo baba. Kisha mkarudi kwenye dume. Victor alipoleta lile bamba la zege na kulilaza, nikasema sasa lazima watasema, mkaanza kusifia nyasi za kuezekea. Nilitamani niwafukie wote wawili. Ukapanda gari jioni ile, na barua zote tulizoandikiana ni kama hazikuandikwa.

Tangi walilisafisha wakatia dawa, na maji yamepimwa yakakubalika. Jana wametoa mnyororo. Yalianza na kutu, yakakohoa, halafu yakatakata. Wanawake walewale waliokuwa wakinisema kila Jumapili walitaka kunisogeza mbele ya foleni, nikawaambia nitakaa zamu yangu, kama nilivyokaa zamu yangu mtoni. Rahel amenenepa kidogo. Bado namchemshia, na watu wa maji wenyewe wamesema tuendelee kuchemsha, nami hata wangesema tuache nisingeacha.

Ila ninalotaka ulijue ni la Jumatatu ya ukaguzi, wewe ukiwa umekwisha kuondoka. Walikuja Nestory, Bertilla na watu wawili kutoka mjini. Wakaona changu, wakaandika. Wakaenda nyuma ya zizi kuona kile kipya, mimi nikabaki nyuma kama inavyotakiwa, nikiwa na ndoo yangu mkononi. Nestory siku hizi naye amejifunza mambo ya kwetu, basi akazunguka sana. Akamuuliza mzee kwamba haka kajengo kapya, pamoja na uzuri wake, kanakusudiwa kazi gani.

Baba akasema, "Hiki ni choo changu. Amenichimbia mwanangu Masanja."

Neno hilo alilisema kwa sauti ya kufika barabarani. Alijua nimesimama pale na hakushusha sauti. Bertilla akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, na Nestory akaandika.

Nimekuandikia kama alivyosema, ili angalau wewe ulisome, kwa kuwa wewe mwenyewe hatakuambia.

Mkeo,
Fortunata